Jalada la muswada: kazi ya mtayarishaji kabla kamera haijawashwa

Mwandishi akileta hadithi ya filamu, kazi ya kwanza ya mtayarishaji si kuisoma. Ni kuandika kwamba ameipokea: tarehe, jina la kazi, idadi ya kurasa, ni rasimu ya ngapi, imeletwa na nani na kwa njia gani. Mstari mmoja kwenye daftari unatosha, kisha barua pepe fupi kwa mwandishi inayorudia maneno yaleyale. Hapo jalada la muswada, yaani faili la karatasi zote za kazi hiyo, limefunguliwa. Watu hudhani kuikuza hadithi ni kazi ya sanaa na kuilinda ni kazi ya wakili, kwamba hizo ni shughuli mbili za watu wawili. Lakini karatasi zinazoikuza hadithi ndizo hizohizo zinazoilinda. Rasimu yenye tarehe, maoni yenye jina la aliyeyatoa, mpangilio wa sini (vipande vya filamu, kila kimoja na mahali na wakati wake) uliosainiwa: leo vinasaidia kuandika vizuri zaidi, kesho vinaonyesha nani alitunga nini.

Ndiyo maana simulizi la sauti la WhatsApp halifai kuwa mwanzo wa kazi. Mtu anatuma dakika nne za sauti, mtayarishaji anajibu "poa, nimeipenda", na kila mmoja anabaki na kumbukumbu yake ya kilichosemwa. Mwombe aandike ukurasa mmoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ile ya Kenya ya 2001, inalinda namna wazo lilivyotungwa na kuelezwa, hailindi wazo lenyewe. Hadithi ya mfanyakazi wa ndani anayeolewa na mwenye nyumba ni ya kila mtu. Wahusika waliochongwa, mfuatano wa matukio na mazungumzo yao ndivyo vyenye mwenyewe. Na daftari la mapokezi linamkinga mtayarishaji pia: waandishi wawili wasiojuana huweza kuleta visa vinavyofanana ndani ya mwezi mmoja, na yule ambaye kazi yake haikuchukuliwa akiiona filamu ataamini ameibiwa. Tarehe mbili kwenye daftari humaliza ubishi ambao maneno matupu hayawezi kuumaliza.

Kabla ya kutoa hata shilingi, chimba asili ya hadithi. Muulize mwandishi ana kwa ana: uliandika peke yako? Kuna rafiki aliyekaa nawe usiku mkapanga sini? Kisa kimetoka kwenye riwaya, gazeti, wimbo, maisha ya mtu? Rafiki aliyechangia sini kumi anaweza kuwa mwandishi mwenza, na saini yake utaihitaji. Kisa cha gazetini hakina mwenyewe kama habari, ila maneno ya mwandishi wa makala yana mwenyewe. Maisha ya mtu aliye hai yanataka ridhaa ya maandishi, hata kama majina yamebadilishwa, maana mtaa mzima utamjua kwa nyumba yake na kovu lake.

Riwaya ina mtego wake. Haki ya kuigeuza kuwa filamu huenda ipo kwa mwandishi, huenda aliikabidhi kwa mchapishaji bila kukumbuka. Soma mkataba wa kitabu, usiridhike na kauli. Mwandishi akiwa amefariki, ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo, Tanzania na Kenya vilevile, na hesabu hufika mwisho wa mwaka. Aliyefariki 1980, kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2030. Hapo watu hukosea kwa kumfuata mtoto mkubwa wa marehemu, wakamlipa, wakaondoka na karatasi yake. Anayeweza kusaini kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Omba nakala ya barua ya usimamizi, iweke kwenye jalada. Ngano na hadithi za jadi nazo si za kuokota tu: Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni tangu 2016.

Na nyimbo! Mwandishi anaandika kwamba wanawake wanaimba taarabu fulani jikoni, beti mbili nzima zimo kwenye mazungumzo. Ni sini tamu, lakini kila mstari wa wimbo ule ni ruhusa ya kutafuta na fedha ya kulipa. Uondoe mapema, tungeni wimbo wenu, kwa sababu ukishaurekodi na waigizaji wanaimba midomo ikionekana, hakuna dawa ya kuuondoa.

Sasa malipo. Wengi wetu tulizoea kununua muswada kwa mkupuo: fedha mkononi, karatasi moja yenye sentensi "nimeuza kazi yangu yote", basi. Mwandishi hupata kidogo mno kwa sababu mtayarishaji bado hana bajeti, naye mtayarishaji hufunga fedha kwenye kazi ambayo huenda isirekodiwe kamwe. Opsheni, yaani kulipia kwanza nafasi ya kuununua muswada ndani ya muda mliokubaliana, inawafaa wote wawili. Chukua mfano: mmekubaliana bei ya muswada ni shilingi milioni 6. Opsheni ya miezi 12 unailipia laki 6, yaani asilimia 10. Kwa muda huo mwandishi haruhusiwi kumpa mtu mwingine kazi hiyo, nawe unatafuta fedha, mwongozaji na waigizaji. Ukifanikiwa, unalipa milioni 5 na laki 4 zilizobaki kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, na hapo ndipo haki zinahama. Usipofanikiwa, laki 6 zinabaki kwake na muswada unarudi kwake.

Mkataba huo huharibikia kwenye vitu vidogo. Hauna tarehe ya kuanza, una neno "miezi 12" tu. Au umeandikwa "mpaka filamu itakapotoka", maneno yanayoweza kumfunga mwandishi maisha yake yote. Au haujasema kurefusha muda kunalipiwa kiasi gani, na kama malipo hayo yanakatwa kwenye bei kamili au la. Au haujasema haki zinahama kwa tendo gani. Andika wazi kwamba ni kwa taarifa ya maandishi pamoja na malipo kamili, si kwa kimoja bila kingine. Au umesema milioni 6 bila kusema ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla mwandishi hajalipwa, na siku ya malipo mwandishi anaona kiasi pungufu, anadhani amepunjwa, urafiki unaisha. Kenya sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi na saini ya anayehamisha. Popote ulipo, fanya hivyo, na mashahidi wawepo.

Zaidi ya yote, orodhesha haki moja moja. Filamu moja. Tamthilia ya televisheni je? Muendelezo? Mchezo wa jukwaani? Kitabu? Kuingiza sauti za lugha nyingine? Kwa nchi zipi, miaka mingapi? Msilolitaja libaki kwa mwandishi, na liandikwe hivyo. Kuna mtayarishaji atakayesema huku ni kujinyima. Kwa maoni yetu, anayetaka kila kitu kwa bei ya filamu moja anajitafutia kesi siku tamthilia itakapoanza kuingiza fedha. Kipengele cha kurudi kisikosekane: ukinunua kabisa na miaka mitano ikapita bila kurekodi, mwandishi aweze kuichukua tena kazi yake, kwa kukurudishia ulichomlipa au kwa masharti mengine mliyoafikiana.

Ukishashika haki kwa muda, kazi tamu inaanza. Anza na sentensi mbili: nani, anataka nini, nini kinamzuia, akishindwa anapoteza nini. Zisipokaa vizuri, usiruhusu kurasa 90 ziandikwe. Tatizo litajificha ndani yake, halitaisha. Kisha ukurasa mmoja wenye mwanzo, kati na mwisho, mwisho ukiwa umetajwa kweli. Baadaye mpangilio wa sini, mistari miwili mitatu kwa kila moja, bila mazungumzo. Filamu ya dakika 90 huwa na sini 50 hadi 70. Zipange kwenye kadi mezani. Kadi inayoweza kutolewa bila kadi nyingine kuyumba, itolewe. Kubomoa kwenye kadi ni kazi ya mchana mmoja, kubomoa rasimu ya tatu ni mwezi, na kubomoa filamu iliyokwisha kurekodiwa haiwezekani.

Malipo ya kazi hii ya kuandika, si ile bei ya haki iliyotajwa juu, yafuate hatua hizo. Mgawanyo mmoja unaofanya kazi: asilimia 20 siku ya kusaini, 20 mpangilio wa sini ukipokelewa, 30 rasimu ya kwanza, 20 rasimu ya pili, 10 marekebisho ya mwisho. Mtayarishaji awe na siku 14 za kusoma kila rasimu, na zikipita bila jibu, malipo yatoke. Idadi ya marekebisho iandikwe. Mkataba unaosema "mpaka mtayarishaji aridhike" unaua muswada polepole: kufika rasimu ya tano mwandishi haandiki tena hadithi, anaandika kile anachodhani utakipenda ili amalizane nawe.

Namna ya kutoa maoni ndiyo inayompambanua mtayarishaji. Soma mara ya kwanza bila kalamu, kwa mkao mmoja, simu imezimwa. Weka alama pale tu ulipochoka au ulipocheka. Soma mara ya pili ukiandika. Lala nayo usiku mmoja. Kisha toa kurasa mbili, si kumi, na anza na kubwa: matakwa ya mhusika, kizuizi, mwisho. Mazungumzo usiyaguse kwenye rasimu ya kwanza, kwa kuwa nusu yake yatakufa na sini zake. "Katikati imepoa" haimsaidii mtu. "Kuanzia sini ya 31 hadi ya 38 mhusika mkuu hatafuti kitu chochote" inamsaidia, anajua pa kwenda. Na kama mwongozaji, mfadhili na kituo kitakachorusha filamu wote wana maoni, yapitie kwako, uyapatanishe, mwandishi apate karatasi moja isiyojipinga. Mwandishi aliyepewa karatasi nne hufuata ya yule anayelipa, si ya yule mwenye hoja.

Taja tatizo, suluhisho mwachie mwenyewe. Kwanza kwa sababu ya sanaa: yeye anawajua wahusika wake, atapata jibu ambalo wewe hungelifikiria. Pili kwa sababu ya haki: mtayarishaji anayeandika sini nzima na kumtumia mwandishi "aziingize" ameanza kuwa mwandishi mwenza bila mkataba wa uandishi mwenza, na siku jina litakapotafutwa kwenye bango, kila mmoja atakuwa na faili lake. Mkataba useme mapema kwamba maoni hayamfanyi anayeyatoa kuwa mwandishi.

Kuna tabia tuliyorithi ambayo inahitaji kung'olewa kwa mkono. Enzi za DVD za Kariakoo filamu moja ilikatwa sehemu mbili ili iuzwe mara mbili, hivyo waandishi walijifunza kurefusha. Honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anasalimiana na dada wa kazi, anauliza watoto wako wapi, anakaa, analetewa maji. Dakika tatu zimekwisha na hadithi haijasogea. Soko lile limepita, mazoea yamebaki. Kwenye kila sini uliza: tunaweza kuingia pale mtu anapoanza kudanganya, au kugundua, au kukataa? Salamu zibaki pale tu zinapofanya kazi. Mkwe anayepokea shikamoo na asiitikie, hiyo ni sini kamili, na haihitaji geti.

Kanuni inayojulikana ni ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa herufi za Courier ukubwa wa 12. Ichukue kama kipimo cha kuanzia tu. Muswada wa maneno mengi na wa vitendo vingi haukimbii sawa, kwa hiyo fanya usomaji wa mezani: waigizaji sita hadi kumi, maji, saa ya kuhesabia, mtu mmoja akisoma maelezo ya vitendo. Andika dakika za kila sini. Usomaji huo hufichua pia lugha. Bibi wa Unguja anayeongea kama kijana wa Sinza, mzee wa Mombasa mwenye misemo ya Dar es Salaam: masikio ya mezani huyashika haya papo hapo. Mwandishi awepo, asiulizwe kitu siku hiyo, asikilize tu.

Kisha uchambuzi wa uzalishaji, yaani kuhesabu kila sini inahitaji nini ili irekodiwe, nao ufanyike kabla ya rasimu ya mwisho. Kila ukurasa hugawanywa mafungu manane. Sini ya nusu ukurasa ni manne ya nane. Hesabu lokesheni (mahali pa kurekodia), usiku, umati, watoto, wanyama, magari, mvua. Sini ya theluthi ya ukurasa ndani ya kivuko cha Kigamboni usiku inaweza kula siku nzima kwa vibali, taa na watu wasio wako wanaoangalia kamera. Mrudie mwandishi, usimnyang'anye: "Sini hii inahitaji nini kihadithi? Wawe peke yao bila pa kukimbilia? Kuna sehemu nyingine itakayotupa hilo?" Pengine atakupa ngazi ya ghorofa umeme umekatika, na itakuwa bora kuliko kivuko. Usipofanya hivi sasa, mwongozaji ataikata saa nane usiku fedha zikiwa zimeisha, na ataikata bila kujua kwamba sini ya 58 inaitegemea.

Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, na maombi huambatana na maelezo ya filamu na maneno yake. Kenya nayo inataka leseni chini ya sheria yake ya filamu, Sura ya 222. Peleka toleo utakalolirekodi kweli, si rasimu ya zamani iliyokuwa karibu. Na usajili wa hakimiliki, kwa COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au kwa KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya): haki huzaliwa kazi inapotungwa, usajili ni ushahidi wa ziada. Sajili rasimu ya kwanza kamili kwa jina la mwandishi, na toleo la kurekodia likikamilika. Kujitumia bahasha kwa posta usiifungue, njia inayosifiwa sana, isikupe amani. Barua pepe zenye viambatisho na mpangilio mzuri wa majina ya mafaili zina nguvu zaidi. Jina la kazi, namba ya rasimu, tarehe kuanzia mwaka. Faili linaloitwa "FINAL FINAL 2" halithibitishi kitu. Nakala zinazotoka nje ziwe PDF zenye jina la mpokeaji kwenye kila ukurasa, na orodha ya waliopewa iwe jaladani.

Siku ya kurekodi inapokaribia, funga muswada. Kufunga maana yake namba za sini hazibadiliki tena. Ikiongezwa sini baada ya 23, inaitwa 23A. Ikitolewa, namba yake inabaki na neno "imeondolewa". Kurasa zilizobadilishwa hutolewa kwa rangi, kwa mfuatano uliozoeleka wa nyeupe, buluu, waridi, njano, kijani, tarehe ikiwa juu. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa kurasa hizo. Bila utaratibu huu mwigizaji anakariri maneno ya Jumanne, mtu wa mavazi anafuata karatasi ya Ijumaa, na nguo iliyopaswa kuchanika iko nzima.

Filamu hairekodiwi kwa mfuatano wake, na hapo ndipo uharibifu mwingi unapotokea. Mwigizaji anabuni sentensi nzuri, kila mtu anapiga makofi, kumbe ametaja siri ambayo kwenye sini iliyorekodiwa juzi bado haijulikani. Utaratibu unaofaa ni huu: namna ya kusema inaweza kubadilika mwongozaji akiridhia, ila habari iliyomo kwenye sini haibadiliki bila mtunza mwendelezo, anayehakikisha sini zinalingana, kuandika na mwandishi kupigiwa simu. Mfadhili anayetaka kopo lake la soda lionekane kwenye sini ya msiba, anayesema hapana ni mtayarishaji, si mwongozaji aliye katikati ya kazi. Mwandishi asikutane kwa mara ya kwanza na mabadiliko siku ya uzinduzi.

Ikilazimu kumleta mwandishi wa pili, mwambie wa kwanza mwenyewe, kwa mdomo, kabla hajasikia kwa watu. Mlipe hatua aliyokwisha kuifikia. Wa pili apokee rasimu zote kwa orodha iliyosainiwa, na mkataba wake useme haki za alichoongeza zinakwenda wapi. Majina kwenye filamu yatenganishwe: "Hadithi" kwa aliyetunga kisa, "Muswada" kwa walioandika. Linganisha rasimu ya kwanza na toleo la kurekodia sini kwa sini, wao wakiwepo, kabla bango halijachapwa.

Mnunuzi makini, hasa wa nje, ataomba mnyororo wa haki kabla ya kulipa: karatasi zote kutoka kwa mtungaji wa kwanza hadi kwa kampuni yako, bila pengo. Kinachokosekana mara nyingi ni saini ya mwandishi mwenza ambaye sasa yuko Muscat, au barua ya msimamizi wa mirathi, au ruhusa ya ule wimbo. Kupata saini moja kutoka ng'ambo huweza kuchukua wiki tano, na mnunuzi amekupa kumi.

Na ikiwa opsheni imekwisha bila fedha kupatikana, usikae kimya ukitumaini. Mwandikie mwandishi siku ileile kwamba haki ni zake tena, mrudishie rasimu zote pamoja na maoni yaliyotolewa, na mseme kwa maandishi kama anaruhusiwa kuyatumia maoni hayo akiipeleka kazi kwa mwingine. Nakala ya barua iende jaladani, jalada lifungwe kwa tarehe.